Kabla ya Kushuka Pangoni, Uliza Habari za Maji

Chomeka kijiti kando ya dimbwi la pango lolote lililo karibu na pwani ya mashariki ya Unguja, pale hasa maji yanapoishia, kisha nenda kale chakula. Ukirudi baada ya saa chache utakikuta kijiti kimezama, au kimeachwa pakavu. Hakuna mto unaoingia humo wala mvua haikunyesha. Bahari, ambayo kutoka hapo ulipo huioni, imejaa au imekupwa, na maji ya pangoni yamepanda na kushuka pamoja nayo.

Nimeanza na kijiti kwa sababu watu wanaopita ofisini kwetu kuuliza habari za mapango, wa ng'ambo, wa bara, na hata watoto wa mjini hapahapa, huniuliza njia, kiingilio na kama ndani kuna giza. Maji hawayaulizi. Na mapango yetu ni mambo ya maji tangu mwanzo: maji ndiyo yaliyoyachimba, maji ndiyo yaliyowavuta watu wa kale waingie, na ajali zote nilizowahi kuzishuhudia mimi zilikuwa za maji.

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni uwanda, yaani jiwe la matumbawe lenye udongo haba, ambako mkulima hupanda mbegu katikati ya mawe. Jiwe hilo lilikuwa mwamba hai. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama mita kadhaa juu ya ilipo leo, matumbawe yakajijenga, kisha maji yakarudi nyuma na kuyaacha nchi kavu. Mvua nayo, ikipita hewani na kwenye udongo wenye majani yaliyooza, hubeba hewa ya ukaa na kugeuka asidi hafifu, hafifu kiasi kwamba ulimi hauitambui. Chokaa huitambua. Tone kwa tone, ufa huwa tundu na tundu huwa chumba.

Lakini kuna jambo jingine ambalo skuli hatukufundishwa. Maji matamu ya ardhini yanaweza kuwa yameshiba chokaa, yasiweze kuyeyusha zaidi. Maji ya bahari nayo vivyo hivyo. Yakikutana na kuchanganyika, yale maji mapya hupata njaa upya na kuanza kulila jiwe. Makutano hayo yako chini ya ukanda wa pwani, na ndiyo maana ukanda huo umetobokatoboka kama chapati ya maji. Bahari iliposhuka na kupanda katika maelfu ya miaka, makutano nayo yalishuka na kupanda, kwa hiyo pango moja linaweza kuwa kavu juu na jirani yake likawa limejaa maji hadi kwenye dari.

Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, hivyo huelea juu yake chini ya kisiwa kizima. Hesabu inayotumika ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Karibu maji yote ya kunywa ya Unguja hutoka ardhini. Sasa fikiria msafiri aliyejipaka mafuta ya kukinga jua toka kichwani hadi nyayoni, akajirusha kwenye dimbwi la pango. Jiwe lililojaa matundu halichuji kama mchanga. Kinachoingia hapo husafiri, na huenda kikatokea kisimani kwa mtu. Ukitaka kuogelea, nenda mapango yaliyofunguliwa kwa kazi hiyo, kama Maalum kule Paje au Kuza kule Jambiani, oga kwanza kwa maji matupu, na mafuta yako yapake ukishatoka. Ukikuta pango lenye ndoo, kamba na njia iliyokanyagwa ikateleza, hicho ni kisima cha watu. Usitie hata mguu.

Maji hayo ndiyo yaliyowaingiza watu Kuumbi, pango kubwa nyuma ya kijiji cha Jambiani. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humo mwaka 2005, na baadaye timu nyingine ikachimba tena. Vilitoka vifaa vya mawe vya takriban miaka 20,000, pamoja na mifupa ya wanyama ambao leo huwakuti Unguja hata mmoja: pundamilia, nyati. Walifikaje kisiwani? Hawakuvuka. Wakati huo barafu ilikuwa imeshika maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Mtu angetembea kutoka Bagamoyo bila kulowa. Pemba haikuungana hivyo, maana mkondo wake una kina cha mamia ya mita.

Wataalamu hawakukubaliana katika yote yaliyotoka Kuumbi. Chami alieleza kwamba mifugo, kuku wakiwamo, walikuwapo humo zamani sana. Waliochimba tena hawakuuona ushahidi huo. Mzozo wa namna hiyo huamuliwa na tabaka za udongo, unene wa kidole tu, ipi iko juu ya ipi. Kwa hiyo tunapokuomba usitoke kwenye njia ndani ya Kuumbi, usifukue, usiokote kigae wala kombe ukatia mfukoni, hatukuoneshi ukali. Nyayo zako zinaweza kuchanganya miaka elfu tano kwa hatua mbili. Vivyo hivyo mawe yanayoning'inia darini: mengi hurefuka kwa sehemu ndogo tu ya milimita kwa mwaka, na yakishikwa, jasho na mafuta ya mkono huyafifisha. Nimewahi kuona limoja limevunjwa ili mtu apige nalo picha. Lilikuwa na urefu wa mkono wangu.

Mangapwani, kaskazini ya mji wa Zanzibar kama kilomita 20, watu huchanganya vitu viwili. Liko pango la asili lenye maji matamu, ambalo inasimuliwa liligunduliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake. Na kiko, mbali na hapo, chumba kilichochongwa kwenye jiwe kwa mikono ya watu, kikaezekwa kwa mawe, ambamo watumwa walifichwa baada ya mkataba wa Juni 1873 uliokataza kuwasafirisha kwa bahari na uliofunga soko lao. Hadhi ya utumwa kisheria yenyewe iliondolewa baadaye, 1897. Mtembezaji akikwambia kuwa vyote ni kitu kimoja, mwombe akupeleke kote kuwili. Chumba hicho si pango, na si pahala pa kupigia picha za kucheka.

Sasa mapango ya baharini yenyewe, yale yaliyo chini ya majabali ya Mtende, Kizimkazi na kwingineko, ambako mawimbi yamelila jiwe kwa chini hadi likawa na mdomo. Haya ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Maji kujaa huchukua kiasi cha saa sita, lakini hayapandi sawasawa. Gawa kimo chote mara kumi na mbili. Saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na zinazofuatia, tofauti ya kujaa na kukupwa kwetu hufika karibu mita 4. Maana yake saa ya tatu na ya nne kila moja hupandisha mita nzima. Mtu aliyeingia pakavu, akaona saa ya kwanza maji yamepanda kidogo tu, hudhani ana wakati. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, tofauti ni ndogo zaidi, ila hapo pia mdomo wa pango unaweza kuwa haufunguki vizuri, kwa kuwa maji hayakupwi sana.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Tulikuwa watatu upande wa Mtende, tunapima pango lililo chini ya jabali, tumejishughulisha na utepe na daftari. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na mshipi wake wa kuvulia akasimama mdomoni akatutazama. "Wanangu," akasema, "leo bamvua. Mnangoja nini humo?" Tulitoka maji yakiwa kifuani, wimbi likitubwaga ukutani, na jiwe la matumbawe huchana ngozi kama mbuzi inavyokuna nazi. Daftari lilibaki ndani. Vipimo tulirudi kuvichukua wiki iliyofuata, mara hii tukiingia maji yakiwa bado yanakupwa na kutoka kabla hayajageuka. Hiyo ndiyo kanuni ninayompa kila mtu: ingia ukifuata maji yanayotoka. Saa za jana usizitegemee, kwani kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50.

Msimu nao una neno lake. Kusi, upepo wa kusini, linapovuma, kuanzia Mei au Juni hadi Septemba, mawimbi hupiga moja kwa moja pwani ya kusini na ya mashariki, na pango lililokuwa shwari wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, hugeuka kinu. Wimbi likijaza mdomo, hewa iliyobanwa ndani hutoka kwa kishindo pamoja na maji. Ukisikia pango linaguna, baki nje.

Viatu viwe vya kufunga na soli ngumu. Ndara huchomoka zikabaki topeni. Tochi usichukue moja. Na usiwashe moto ndani, maana kwenye mapango yenye kuta pande zote hewa haizunguki.

Popo usiwasumbue. Wanaolala mapangoni ni aina nyingine kabisa na yule mkubwa wa Pemba anayening'inia juu ya miti kule Kidike. Kinyesi chao kikikauka hutoa vumbi linaloweza kubeba kuvu wa kuumiza mapafu, na popo wala matunda wa jamii ya Rousettus wanajulikana kuhifadhi virusi vya Marburg: mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango lenye popo hao huko Uganda. Sisemi ugonjwa huo uko katika mapango yetu. Nasema usikae chini yao ukiwa umefungua mdomo, na ukitoka nawa mikono.

Mwisho ni wenyeji. Mapango mengi ni mizimu, yaani pahala pa kutambikia, na ukikuta kitambaa chekundu, chetezo cha ubani au mayai kwenye kijirafu cha jiwe, mtu ameweka haja yake hapo. Usivisogeze upate picha nzuri. Uliza kwanza kijijini nani anayelisimamia pango. Mara nyingi ni mzee au bibi fulani, na yeye atakwambia pia sehemu ipi huteleza. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kina mapango yanayoheshimiwa hivyo hadi leo, na kimo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo pita kwanza kwa walinzi. Nahodha akikwambia mrudi kabla ya alasiri upepo haujapanda, funga mkoba wako, hata kama pango la mwisho hujaliona.