Oili huchakaa hata kwa gari lisilotembea sana
Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba gari ambalo halijafikisha kilomita 5,000 halihitaji kumwagwa oili, hata likikaa uani miaka miwili. Imani hiyo inaumiza injini. Safari fupi za kwenda sokoni na kurudi haziipi injini muda wa kupata moto wa kutosha kukausha unyevu, kwa hiyo maji na petroli kidogo huchanganyika na oili na kuiharibu. Ukifungua kifuniko cha kujazia, huenda ukakuta utando wa rangi ya maziwa kwa ndani. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji hutaja kilomita pamoja na miezi, mara nyingi 6 au 12, na kutaka kifuatwe kinachotangulia. Filta ya oili ibadilishwe kila oili inapomwagwa. Ya hewa ikaguliwe kwanza kabla ya kuamua kuibadilisha.