Bomba la hewa la injini ya turbo: kipenyo si jambo la kwanza

Wateja wengi wanaoleta Subaru Forester zao za turbo kwenye gereji yetu hapa Kampala huja na swali moja, kwamba je, bomba la inchi 3 litaongeza nguvu? Nami huwauliza hewa inakwama wapi kabla ya kufika kwenye turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa. Bomba ninalolizungumzia ni lile linalotoka upande wa boksi la chujio hadi kwenye mdomo wa turbo, ambalo kwa Forester hupita chini ya manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa), mahali finyu penye kona kali. Turbo hunyonya kupitia bomba hilo, kwa hiyo ubovu wake ni kubonyea ndani, wala si kupasuka kwa presha kama wengi wanavyodhani.

Urefu wa nchi yetu kutoka usawa wa bahari unaongeza uzito wa jambo hili. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni takriban kilopaskali 88 (kilopaskali ni kipimo cha mgandamizo), ilhali Mombasa ni 101. Turbo inayotakiwa kuongeza kilopaskali 80 inalazimika kuukuza mgandamizo huo mara 1.91 hapa, wakati pwani ingeukuza mara 1.79 tu. Bomba na chujio vikila kilopaskali 6 njiani, hesabu hiyo inapanda hadi 2.05, maana yake turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi kwa kazi ileile. Anayeishi Kabale, ambako ni juu zaidi, hali yake ni ngumu kuliko yetu.

Ndiyo maana mimi hupima kwanza. Chombo changu ni mpira mwembamba unaoonyesha kilichomo ndani, uliokunjwa kama herufi U na kufungwa kwenye ubao, ukiwa na maji yaliyotiwa rangi. Ncha moja naiunganisha karibu na mdomo wa turbo kupitia chupa tupu, ili maji yakivutwa sana yaishie humo. Kijana anayejifunza kazi hushika ubao huku mimi nikipanda mlima kwa mafuta yote. Tofauti ya sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali 1. Forester moja iliyokuwa imefungwa bomba jipya la silikoni, jekundu la kuvutia, ilituonyesha sentimita 60 na zaidi, na tulipohamisha kipimo hadi mara baada ya chujio tukapata 15 tu. Tulipolitoa bomba niliweza kulibana kwa vidole viwili likagusana kuta.

Kwa hiyo silikoni inafaa ikiwa ina matabaka ya kitambaa yasiyopungua manne, na kwenye kona iwe na waya au umbo gumu la kuizuia kubonyea. Mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini huilainisha silikoni ya kawaida polepole, basi tafuta yenye utando wa ndani unaostahimili oili. Alumini haibonyei, lakini inahitaji viungo vya mpira kila mwisho, kwa sababu injini hutikisika, na viungo vingi ni nafasi nyingi za kuvuja.

Hesabu pia matundu ya pembeni. Bomba la asili hupokea hewa ya vali inayoachia presha, mvuke wa oili na mpira wa solenoidi ya turbo (vali ya umeme inayodhibiti presha yake); bomba la bei nafuu lenye tundu pungufu hulazimisha fundi kuziba kitu ambacho hakipaswi kuzibwa.

Sehemu inayobeba sensa inayopima hewa iingiayo ndiyo nisiyokubali kuibadilisha bila kurekebisha programu ya injini. Ukitoka kipenyo cha milimita 70 hadi 76, eneo la ndani linaongezeka kwa karibu asilimia 18, hewa inapita polepole mbele ya sensa, nayo inaripoti kidogo kuliko kilichoingia. Kompyuta inapunguza petroli, injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni za injini hizi hazivumilii kugonga kwa muda mrefu.

Uvujaji baada ya sensa una madhara hayo hayo, na kwetu unaongeza vumbi jekundu la barabara zisizo na lami, ambalo likipita pembeni ya chujio hula ncha za mapanga ya turbo. Baada ya kufunga, naziba upande wa chujio, naingiza upepo wa presha ndogo sana na kupaka maji ya sabuni kwenye kila klampu, hasa ile ya mdomo wa turbo, ambayo manifoldi ikisharudishwa haifikiki tena kwa bisibisi ya kawaida.