Chini ya kinamasi kuna mashamba

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba vinamasi vya magharibi mwa Ireland ni pori la tangu na tangu, ardhi ambayo haijawahi kuguswa na jembe wala ng'ombe. Si kweli.

Katika miaka ya 1930 mwalimu wa shule, Patrick Caulfield, alikuwa akikata udongo wa kinamasi, ule mweusi wa mimea iliyooza nusu unaokaushwa kuwa kuni, huko kaunti ya Mayo. Chini kabisa akakuta mawe yaliyopangwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na naipenda kwa sababu hiyo: mawe yako chini ya kinamasi, basi aliyeyapanga alitangulia kinamasi.

Mwanawe Seamas, mwanaakiolojia, aliifuatilia kuanzia miaka ya 1970. Wengi hudhani eneo lote lilifukuliwa, lakini kazi kubwa ilifanywa kwa ufito wa chuma tu. Unauchomeka, ukizama hadi chini, hapo hakuna kitu. Ukigonga jiwe mapema, huo ni ukuta. Hatua kwa hatua, kuta za Céide Fields, kama mashamba hayo yanavyoitwa, zikajichora zenyewe, kilomita nyingi za viwanja, vingi vikidhaniwa vya malisho ya ng'ombe.

Kawaida mashamba hayo hutajwa kuwa na zaidi ya miaka 5,000, ingawa baadhi ya wataalamu wanadhani kuta ni za baadaye. Kinamasi kilikuja baada ya kuta: mvua, maji yasiyopita, mimea iliyooza nusu tu ikirundikana, mahali pengine hadi mita 4.