Gari la Kifahari la Mtumba: Unachobadilisha Kiandikwe Kwenye Kadi na Kwenye Bima

Katika miezi ya karibuni meza yetu ya madai imepokea malalamiko mengi yanayofanana. Mwenye gari ana bima kubwa, ada ameilipa yote, stika yake inasoma vizuri kwenye TIRA MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima wa kuhakiki bima, lakini gari lilipoharibika madai yakakataliwa au yakalipwa nusu. Wengi wao wana BMW, Mercedes-Benz, Range Rover, Audi au Crown, magari yaliyotumika Japani au Uingereza kabla ya kushuka Bandari ya Dar es Salaam, kisha yakapita mikononi mwa mafundi wawili watatu wa hapa mjini. Kazi yangu ni kuyakagua magari hayo baada ya ajali. Naandika kwa sababu sehemu kubwa ya hasara ninazoziona ingeepukika kwa barua moja iliyoandikwa mapema.

Nianze na gari moja. Wakati wa masika niliitwa kukagua BMW 3 Series iliyozimika kwenye maji pale Mkwajuni. Mwenye gari ni kijana mstaarabu, ameketi pembeni ya gereji akinisubiri tangu asubuhi. Fundi alichomoa plagi zote, tukazungusha injini kwa spana. Maji ya rangi ya kahawia yakaruka kutoka tundu la silinda ya tatu. Tuliposhusha kijiti kwenye matundu ya plagi kupima, pistoni za silinda nyingine zilifika juu sawasawa, ile ya tatu ikabaki chini kwa milimita kadhaa. Hapo hakuna ubishi: koni rodi, mkono wa chuma unaosukuma pistoni, imepinda. Hewa hushindiliwa, maji hayashindiliki, na injini inayozunguka ikikutana na maji ndani ya silinda, chuma ndicho kinachokubali kupinda.

Nikainama chini ya bampa. Ea klina ya kiwandani, yaani kichujio cha hewa inayoingia kwenye injini, ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa bomba linaloshuka hadi nyuma ya taa ya ukungu, sentimita chache kutoka ardhini. Gari lenyewe lilikuwa limeshushwa kwa springi zilizokatwa.

“Mkuu, mimi nina bima kubwa, na mafuriko yamo,” akaniambia.

“Yamo, mdogo wangu. Hii ea klina ilishushwa lini?”

“Kama mwaka hivi. Fundi alisema inaongeza nguvu.”

“Na uliiandika wapi?”

Akanyamaza kidogo. “Kwani inaandikwa?”

Inaandikwa. Fomu ya maombi ya bima ina swali linalouliza kama gari limefanyiwa mabadiliko yoyote, na mteja anasaini chini yake. Mkataba wa bima umejengwa juu ya nia njema ya hali ya juu: mwenye gari ndiye anayelijua gari, kwa hiyo ndiye mwenye wajibu wa kueleza kila jambo linaloweza kubadilisha ada au uamuzi wa kumkatia bima. Wajibu huo unarudi kila unapohuisha bima. Kosa la kijana yule halikuwa kupita kwenye maji, bali gari tulilolikatia bima lilivuta hewa kutoka juu, na gari lililozama lilivuta hewa kutoka chini. Hayo ni magari mawili.

Ninaomba ieleweke kwamba kubadilisha gari si kosa. Mwenye Range Rover ambaye mifuko ya hewa ya sasipensheni imepasuka, akaamua kuweka springi za kawaida kwa sababu mifuko mipya ni ghali, hajavunja sheria. Vilevile aliyenunua gari la Japani ambalo redio yake inaishia megahezi 90 au 95 akaibadilisha ili apate stesheni zote za Dar. Lakini kuna mabadiliko ya redio na kuna mabadiliko ya moyo wa gari, na haya ya pili yana utaratibu wake.

Chukua injini. Kuna wenye BMW waliochoshwa na kulanti, maji ya kupoza injini, kuvuja kwenye mipira na plastiki za mfumo wa kupoza, wakatoa injini nzima na kuweka 1JZ au 2JZ ya Toyota. Kitaalamu inawezekana, na nimeona zilizofungwa kwa ustadi mkubwa. Tatizo ni kwamba kadi ya gari bado inasoma namba ya injini ambayo sasa iko Shaurimoyo inauzwa kama spea. Mabadiliko ya namba ya injini, ukubwa wa injini au rangi ya gari yanapelekwa TRA ili kadi irekebishwe. Unaandika barua ya maombi ukieleza kilichobadilika, unaambatisha kadi halisi, unapeleka gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa Polisi wa Usalama Barabarani, na unaonyesha injini mpya umeipata wapi, yaani risiti ya EFD ya muuzaji au nyaraka za forodha kama imeagizwa nje. Ukikosa risiti hapo ndipo safari inakwama, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba injini hiyo haikuibwa. Kadi mpya ikitoka, unampelekea wakala wako nakala na kuomba hati ya nyongeza kwenye mkataba wa bima. Hati hiyo iwe ya maandishi. Maneno uliyomwambia wakala kwa simu hayasomeki wakati wa madai.

Baada ya ajali tunalinganisha namba ya chesisi na ya injini kwenye gari, kwenye kadi, kwenye bima na kwenye ripoti ya ukaguzi ya Polisi, PF 93. Zikitofautiana, faili linasimama. Namba ya chesisi ikionekana imekwaruzwa au kugongwa upya, suala linahamia kwenye jinai na sisi hatuna tena uamuzi juu yake.

Kadi yenye jina la mtu mwingine ni jambo ambalo bado linanishangaza. Mtu ananunua Mercedes ya mamilioni, anapewa kadi na nakala ya kitambulisho cha muuzaji, anaendesha miaka miwili bila kuhamisha umiliki. Ushuru wa stempu kwenye uhamisho ni asilimia 1 ya thamani, pamoja na ada za uhamisho na kadi. Kwa kukwepa hayo anabaki na gari ambalo kisheria si lake, bima ambayo haikumfuata alipolinunua, na muuzaji ambaye madeni ya faini za barabarani yanaendelea kusomeka kwa namba ya gari lililo kwenye jina lake. Baya zaidi ni kununua gari la bei ya kutupa ambalo lilikuwa likipita kwenda nchi jirani na halikulipiwa ushuru hapa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari hilo linaweza kutaifishwa, na anayekutwa nalo akijua anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya forodha, au vyote viwili. Hakuna bima inayolipa gari la namna hiyo.

Sasa thamani, maana hapa ndipo malalamiko ya “mmenilipa nusu” yanapotoka. Wengi wanaandikisha gari kwa bei waliyonunulia nje. Tuseme thamani ya forodha ya gari ni shilingi milioni 20, injini yake inazidi cc 2,000 na umri wake umepita miaka 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5. Juu ya milioni 25 hizo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na wa uchakavu asilimia 30, jumla milioni 10. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya milioni 35, ambayo ni milioni 6.3. Bila kuhesabu tozo nyingine, gari limefika milioni 41.3. Ukilikatia bima ya milioni 20, umelikinga chini ya nusu, na kanuni ya uwiano inatumika hata kwenye uharibifu mdogo: matengenezo ya milioni 10 yatalipwa karibu milioni 4.8, kisha yapunguzwe makato ya awali, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba. Ada ndogo uliyoifurahia ndiyo iliyozaa malipo hayo madogo. Pia jua kwamba kwenye gari la kifahari la zamani, mifuko ya usalama (eabegi) ikifyatuka, gharama za mifuko, mikanda, dashibodi na kioo cha mbele peke yake zinaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Gari linahesabiwa limekufa hata kama bodi inanyooshwa.

Kuhusu mifuko hiyo, nina ombi la moyoni. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata iliitwa kurudishwa duniani kote kwa sababu kilipuzi chake cha amonia naitreti huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, kisha kikifyatuka kinarusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. BMW, Mercedes-Benz, Audi, Toyota na Lexus za miaka ya 2000 zimo. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam mwaka mzima, na gari likiwa limetoka Japani kama mtumba hakuna atakayekuandikia barua. Peleka namba ya chesisi kwa mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza gari au iingize kwenye tovuti yake, uone kama lako lilirekebishwa. Na kama usukani wako umebadilishwa kuwa wa mashindano, muulize fundi kama alifunga resista, kifaa kidogo cha umeme kinachoudanganya mfumo, ili taa ya mfuko wa usalama isiwake. Nimekuta magari matatu ya namna hiyo. Kwenye dashibodi yote yalionekana mazima.

Ving’ora na vimulimuli sitavijadili. Vitoe.

Kijana wa Mkwajuni hakulipwa injini. Alilipwa viti, zulia na mfumo wa umeme wa chini, kwa kuwa vitu hivyo vingelowa hata ea klina ingebaki juu. Hakuridhika, nikamweleza kwamba ana haki ya kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, akiwa na barua yetu ya uamuzi, nakala ya mkataba na risiti zake za gereji. Risiti hakuwa nazo. Kabla hajaondoka alinionyesha picha za Crown anayotaka kununua, iliyoshushwa tayari, akaniuliza aanzie wapi. Nikamwambia aanze na tochi, asome namba ya injini kwa macho yake, kisha ndipo aombe kuona kadi.