Je, wajua kwa nini umri wa kununua pombe Marekani ni miaka 21?

Watu wengi, wakiwemo Wamarekani wenyewe, huamini kwamba Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayomkataza kila aliye chini ya miaka 21 kunywa pombe. Sivyo. Sheria inayohusika, ambayo Rais Ronald Reagan aliitia saini tarehe 17 Julai 1984, haimwadhibu kijana wala mwenye baa. Inayalenga majimbo, na silaha yake ni fedha za barabara ambazo serikali kuu huyapa majimbo hayo. Hata tendo lenyewe la kunywa halimo katika masharti yake: jimbo linatakiwa kupiga marufuku kununua kileo na kuwa nacho hadharani, basi. Ndiyo maana huko Wisconsin kijana aliyefuatana na mzazi wake anaweza kunywa hata ndani ya baa, mwenye baa akikubali, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Kwa nini Bunge lizunguke kiasi hicho? Marufuku ya pombe ilipofutwa mwaka 1933, Marekebisho ya 21 ya Katiba yaliyaachia majimbo mamlaka juu ya vileo. Umri wa kupiga kura uliposhushwa hadi 18 mwaka 1971, majimbo mengi yalishusha na umri wa pombe, kila moja kwa kiwango chake. Kijana aliyekataliwa kwao aliendesha gari hadi jimbo jirani, akanywa, kisha akarudi usiku akiwa amelewa. Mwaka 1980 Candace Lightner, ambaye binti yake wa miaka 13 aliuawa na dereva mlevi huko California, alianzisha harakati zilizolisukuma Bunge kuchukua hatua.

Mbinu iliyotumika ni kama ya mjomba anayemlipia mpwa wake karo. Hana mamlaka ya kupanga sheria za nyumba ya shemeji yake, lakini anaweza kusema kwamba mtoto asiporudi nyumbani mapema, atapunguza kiasi anachotoa. Shemeji yuko huru kukataa. Atakachopoteza ni fedha, si haki. Vivyo hivyo, jimbo lililokataa umri wa miaka 21 lingenyimwa kwanza asilimia 5 ya fedha zake za barabara kuu, kisha asilimia 10.

South Dakota, iliyowaruhusu vijana wa miaka 19 kununua bia yenye kilevi kisichozidi asilimia 3.2, ilikwenda mahakamani. Mwaka 1987 majaji 7 kati ya 9 wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba hicho kilikuwa kishawishi, si shuruti. Jaji Sandra Day O'Connor alipinga, akisema umri wa kunywa hauna uhusiano wa kutosha na ujenzi wa barabara, na hoja yake ingali na uzito. Wyoming ilikuwa jimbo la mwisho kukubali, mwaka 1988.

Je, sheria iliokoa maisha? Ushahidi mwingi unaonyesha hivyo, ila idadi si rahisi kuitenga, kwa kuwa miaka hiyohiyo mikanda ya usalama ilienea na adhabu kwa madereva walevi zikaongezwa.

Puerto Rico, ambayo sheria hiyo inaihesabu kama jimbo, imebaki na umri wa miaka 18 hadi leo. Haijashtakiwa kwa kosa lolote, kwa sababu hakuna kosa. Inakatwa tu sehemu ya fedha zake za barabara.