Je, wajua kwa nini wapenzi wa magari ya kale huvaa saa zisizo na betri?

Katika mikusanyiko ya magari ya kale, pale magari ya miaka ya 1930 hadi 1970 yanapopangwa kwenye nyasi huku boneti zikiwa wazi, wenye magari hayo mara nyingi huwa wamevaa saa za mitambo. Nyingi ni kronografu, yaani saa inayoweza pia kupima muda wa tukio, yenye vitufe viwili ubavuni na mishale midogo ya ziada usoni. Mtazamaji hudhani ni maonyesho ya fedha tu. Fedha ipo, tena nyingi, lakini haielezi uhusiano huu ulianzaje. Ulianzia barabarani, kwenye mbio.

Tuanze na hesabu. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa hukata mita 50 kila sekunde. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, sawa na mara tano kwa sekunde, kwa hiyo haziwezi kugawa sekunde kwa vipande vidogo kuliko sehemu ya tano. Ndani ya kipande hicho kimoja, gari letu limeshasogea mita 10! Magari mawili yaliyopishana mita chache kwenye mstari wa mwisho yanaweza kuandikiwa muda uleule. Ndiyo maana michezo ya kasi iliwasukuma mafundi saa kutafuta mapigo mengi zaidi. Mwaka 1916 kampuni ya Heuer ya Uswisi ilitoa Mikrograph, saa ya kupimia iliyogawa sekunde mara mia. Mwaka 1969 Zenith ikatoa El Primero, ya kuvaa mkononi, inayopiga mara 36,000 kwa saa na kugawa sekunde mara kumi. Mbio zenyewe za mwanzo hazikuwa za magari: fundi saa Nicolas Rieussec alionyesha kipima muda chake Paris mwaka 1821 kwenye mbio za farasi, nacho kilidondosha wino usoni kuweka alama ya muda.

Sasa zitazame namba zilizozunguka ukingo wa kronografu nyingi: 60, 80, 120, 180 na kuendelea. Hiyo ni takimita, kipimo cha kasi. Ukipita bango la kilomita, unabonyeza kitufe cha juu na mshale wa sekunde unaanza kukimbia. Ukifika bango linalofuata unabonyeza tena, na namba iliyoelekezwa na mshale ndiyo kasi yako ya wastani. Siri yake ni kugawanya 3,600, idadi ya sekunde katika saa moja, kwa sekunde ulizotumia. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa, sekunde 30 ni 120, sekunde 20 ni 180. Omega ilipotoa Speedmaster mwaka 1957, ilikihamisha kipimo hiki kutoka usoni hadi kwenye pete ya nje ili kisomeke kwa urahisi. Saa hiyo ilikusudiwa wanamichezo na madereva wa mbio, miaka 12 kabla haijafika mwezini mikononi mwa wanaanga. Kwa dereva wa zamani kifaa hiki kilikuwa na faida kubwa. Spidimita yake ilizungushwa na waya kutoka kwenye giaboksi, ikahesabu mizunguko ya magurudumu, na tairi zikilika au zikibadilishwa ukubwa, ilisema uongo. Takimita haijali tairi.

Kinachonivutia kuliko vyote kimefichwa ndani: namna mshale unavyorudi sifuri. Mshale unaweza kuwa umesimama popote, sekunde ya 7 au ya 52, lakini ukibonyeza kitufe cha chini unaruka moja kwa moja hadi juu. Unajuaje njia? Kwenye ekseli yake kumefungwa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la moyo. Kitufe kinapobonyezwa, nyundo ndogo hukiangukia kipande hicho ubavuni. Popote inapogusa, mkunjo wa umbo lile hulazimika kuteleza chini ya nyundo mpaka sehemu iliyo karibu zaidi na kitovu, na hapo ndipo sifuri. Fundi saa Adolphe Nicole alikipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1844. Kanuni hiyohiyo, ya umbo kugeuka mwendo, ndiyo inayofungua valvu za injini: kamshafti ni ekseli yenye vipande visivyo duara kamili, vinavyosukuma valvu kwa wakati uliopangwa. Fundi aliyeelewa kimoja ameshaelewa nusu ya kingine, na nadhani hapo ndipo mapenzi ya pande hizi mbili yanapokutana kwa kweli.

Mfano bora wa ndoa hii ni Mille Miglia ya Italia, mbio za takriban maili 1,000 kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, zilizoanza mwaka 1927. Magari yaliachiwa moja moja usiku kucha mpaka asubuhi, na namba iliyochorwa ubavuni ilikuwa ndiyo saa ya kuondoka. Mwaka 1955 dereva Mwingereza Stirling Moss aliendesha Mercedes-Benz 300 SLR namba 722, maana yake aliondoka 7:22 asubuhi kwa hesabu ya Ulaya, yaani saa 1:22 kwa hesabu ya Kiswahili. Kando yake alikaa msaidizi wake, mwandishi wa habari Denis Jenkinson, na karatasi ndefu ya maelezo ya kona zote, imeviringishwa kwenye kiboksi, akimwelekeza kwa ishara za mikono kwa kuwa kelele ya injini ilimeza sauti. Walimaliza kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48, wastani wa zaidi ya kilomita 157 kwa saa, kwenye barabara za kawaida zilizopita katikati ya miji.

Ajali ya mwaka 1957 iliyoua watazamaji ilizima mbio hizo. Baadaye jina lilirudi kwa sura nyingine: magari ya zama zilezile hupita njia kama ile, lakini mshindi si mwenye kasi, bali anayefika kwa wakati uliopangwa. Mpira mwembamba hulazwa barabarani, na gari linatakiwa kuukanyaga, tuseme, sekunde 45 kamili baada ya kukanyaga wa kwanza. Ukiwahi au ukichelewa, hata kwa sehemu ya mia ya sekunde, unapoteza pointi. Msomaji wa ramani huhesabu kwa sauti, dereva anacheza na klachi. Chopard, watengenezaji wa saa, wameshirikiana na mashindano haya tangu 1988.

Mwaka 1969, uleule wa El Primero, Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya mkononi ya kwati (inayotumia betri na fuwele inayotetemeka) iliyouzwa kwanza. Kwa usahihi, saa za kwati huzishinda za mitambo bila ubishi, kama mifumo ya kompyuta ya kupimia injini mafuta ilivyoishinda kabureta. Lakini kwenye kabureta na kwenye saa ya kutia ufunguo, jicho linaweza kufuata nguvu hatua kwa hatua, na fundi mwenye subira anaweza kuchonga upya kilichovunjika.

Ndiyo maana pande zote mbili hubishania jambo moja: kupaka upya au kuacha? Uso wa saa ulioiva rangi kwa miaka, hata wenye mikwaruzo, kwa kawaida huthaminiwa kuliko uliochapwa upya, na kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach, Marekani, kuna kundi maalumu la kushindanisha magari ambayo hayajawahi kufanyiwa ukarabati mkubwa. Mimi niko upande wa kuacha. Rangi ikishakwanguliwa, ushahidi wa jinsi kiwanda kilivyofanya kazi siku ile haupatikani tena kwa bei yoyote.