Steroidi kwa Mgonjwa wa Saratani: Mapafu Yakingwe Vipi?

Steroidi zinahusianaje na mapafu?
Steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni hupunguza uvimbe na kichefuchefu, lakini pia hudhoofisha seli nyeupe za damu. Hapo kuvu iitwayo Pneumocystis, ambayo mtu mwenye kinga nzuri huivuta bila kuugua, huziba vifuko vya hewa na kuleta nimonia kali.

Dawa ya kukinga mapafu huanza kwa dozi gani ya steroidi?
Kwa kawaida prednisoloni miligramu 20 au zaidi kila siku, kwa wiki 4 au zaidi. Deksamethasoni ina nguvu zaidi: miligramu 3 tu ni sawa na hizo 20. Hapa ndipo wengi husahaulika. Mwenye uvimbe wa ubongo anayemeza miligramu 4 huonekana yuko kwenye dozi ndogo, kumbe ameshavuka kiwango.

Dawa ya kinga ni ipi?
Kotrimoksazoli, yaani Septrin. Mtu mzima mwenye figo nzima huandikiwa kidonge 1 cha miligramu 480 kila siku, au vidonge 2 kwa siku 3 za wiki. Wapo wanaoikataa kwa kuwa wameizoea kuiona kliniki ya UKIMWI. Tafadhali usiikatae, kuvu inayokingwa ni ileile. Mwambie daktari kama dawa za sulfa (Septrin ni mojawapo) hukutoa vipele, au unatumia dawa ya saratani iitwayo methotreksati (zikikutana huweza kushusha sana seli za damu), au dawa za presha kama enalapril na losartan, kwa sababu potasiamu ya damu inaweza kupanda mno.

Steroidi zikipunguzwa, niache na Septrin?
Usiache mpaka daktari aseme. Nimonia hii mara nyingi hujitokeza wakati huohuo dozi inaposhushwa. Dalili ni kikohozi kikavu na pumzi kukatika hata ukienda msalani. Homa inaweza kuwa ndogo, na kifua kikisikilizwa kikaonekana safi. Omba oksijeni ipimwe kidoleni ukiwa umekaa, kisha baada ya kutembea. Wala usikatishe steroidi ghafla, presha inaweza kuanguka vibaya.

Kuna kingine cha kuchunguza mapema?
Kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna aliyewahi kuugua. Na minyoo ya Strongyloides, inayoingia kwa miguu peku na kukaa mwilini miaka mingi kimya. Steroidi huifanya izaliane ovyo, ipite mapafuni ikiwa imebeba bakteria wa utumbo. Dozi moja ya albendazole haitoshi. Hutibiwa kwa ivermectin, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Aliyeishi misitu ya Kongo aseme kwanza, maana mwenye minyoo ya Loa loa anaweza kudhurika ubongo akipewa dawa hiyo.